Agroveti Ahero: magunia ya mchanga, mbao za mlangoni au shelfu za chuma?

Mkulima_wa_Kano
Wadau, salaam. Nina agroveti (duka la mbegu, mbolea na dawa za kilimo) hapa Ahero, Kisumu, na nimetenga elfu arobaini kulikinga na mafuriko kabla mvua ndefu haijaanza. Niko kati ya magunia ya mchanga, mbao za kuziba mlango na shelfu za chuma. Kuna pia wakala wa bima ananisumbua kila wiki. Ningeanza na lipi?

FundiNyando
Ndugu, umeacha yote ya maana. Mlango una upana gani? Ukuta ni wa bloku au mabati? Maji yanaingia kutoka barabarani, yanarudi kwa bomba la choo, au yanachimbuka sakafuni? Na mafuriko ya 2024 yalifika wapi? Tafuta alama ya tope ukutani uipime.

Akinyi_Stoki
Na umekodi? Vyuma vya kushikilia mbao lazima vitobolewe ukutani, na mwenye nyumba akikataa, umekwama.

Mkulima_wa_Kano
Bloku. Mlango ni mita 1.8, maji yanatoka barabarani, alama ya tope iko sentimita 45. Nimekodi.

FundiNyando
Basi mbao. Pande zote mbili za mlango funga vyuma vyenye umbo la U kwa bolti, utelezeshe mbao za inchi mbili mpaka sentimita 60. Chini na pembeni bandika mpira uliokatwa kwenye tyubu ya lori, halafu ukaze kwa kabari. Usipite 60. Hapo maji yanasukuma mbao zako kwa uzito wa kama kilo 320. Ukifika 90 inakuwa zaidi ya kilo 700, na kinachoanguka si mbao, ni ukuta. Maji yakikaribia kuruka mbao, ondoka, yaache yaingie.

Mchele25
Mbao ni za wenye pesa. Magunia matupu ya mchele ya kilo 25 yamejaa hapo sokoni. Jaza nusu, usifunge kwa kamba, kunja mdomo uulalie chini, panga kama matofali na ukanyage kila safu. Tandika karatasi nzito ya nailoni, ya geji 1000, upande wa maji.

FundiNyando
Piga hesabu basi. Safu moja ikikanyagwa ni sentimita 11 au 12, kwa hiyo kufika 55 unahitaji safu tano. Ukuta wa magunia lazima uwe mpana chini: mistari mitano, juu yake minne, hivyo hivyo hadi mmoja. Jumla mistari 15, kila mmoja magunia matano. Hayo ni magunia 75, kama tani moja na nusu ya mchanga. Nani atayapanga usiku mto ukipanda? Na usijaze udongo mweusi wa Kano, haukai sawa na ukikauka unapasuka.

Mchele25
Yapangwe mapema basi, tatizo liko wapi?

FundiNyando
Jua. Gunia la nailoni likikaa nje miezi michache linachanika ukilishika.

Dawa_na_Mbegu
Mnabishania mlango na hakuna aliyeuliza dukani kuna nini. Mwenye uzi, unauza vidonge vya kufukizia mahindi, vile vya alumini fosfaidi? Kama ndiyo, hilo ndilo la kwanza. Vikikutana na maji vinatoa gesi ya fosfini, ambayo inaua na inaweza hata kuwaka yenyewe. Inavyokwenda siku zote ni hivi: maji yanakuja, mwenye duka anapandisha mbolea kwanza kwa sababu ndiyo pesa, mkebe wa vidonge unabaki chini ya kaunta. Asubuhi anafungua mlango, ananusa kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza, anafikiri ni tope, anaingia kufagia. Barakoa ya kitambaa haizuii chochote. Tena usingoje harufu, unaweza kudhurika kabla hujainusa. Ukishuku vimelowa, usiingie, usimwagie maji, kaa upande upepo unakotoka, zuia watu na upige 999 au Msalaba Mwekundu 1199.

Kabla ya mvua, vihamishie stoo kavu iliyo juu, inayopitisha hewa na yenye kufuli. Usivipeleke nyumba mnayolala, hata kwa usiku mmoja.

Mkulima_wa_Kano
Ninavyo mikebe minne. Iko chini ya kaunta kweli.

Dawa_na_Mbegu
Itoe leo. Na mbegu zilizopakwa dawa zikilowa, hakuna kuanika na kuuza, wala kuwapa kuku.

Akinyi_Stoki
Kwa mbolea huhitaji shelfu ya chuma. Panga bloku za inchi 9 tatu kwenda juu, unapata karibu sentimita 69, kisha mbao nzito juu. Ila zifunge. Paleti za mbao ambazo hazijafungwa huelea na kumwaga mzigo. Shelfu ya chuma iwe ya dawa za maji na mizani.

Pampu_Kisumu
Nunua pampu ya petroli ya inchi 2, mengine yote ni kupoteza wakati.

FundiNyando
Iwekwe nje, mbali na mlango na dirisha. Moshi wa injini ndani ya duka lililofungwa unaua. Na usivute maji ya ndani wakati ya nje bado yako juu, unaunyima ukuta kitu cha kuuegemeza. Swichi kuu zima kabla maji hayajafika. Yakishafika, usiiguse, piga Kenya Power 97771.

Wakala_Mstaafu
Bima ya moto peke yake hailipi mafuriko, mpaka mafuriko yaandikwe kama nyongeza. Muulize wakala akuonyeshe mstari huo, na kiasi utakachojilipia mwenyewe kabla kampuni haijalipa. Piga picha za stoki kila mwezi, uzitume kwa barua pepe.

Jirani_Budalangi
Yote haya ni kwa sababu kingo za mito hazikarabatiwi.

Mchele25
Kingo unazosema ni za mto Nzoia, huko kwenu Budalangi. Huku mto Nyando unatazama mawingu ya milima ya Nandi, maji yanakotoka. Ahero inaweza kuwa kavu kabisa na maji yakaja usiku.

Mkulima_wa_Kano
Mikebe imetoka. Nimempigia mwenye nyumba, anasema kutoboa ukuta ni hapana.

FundiNyando
Kuna fremu ya kushikilia mbao inayojikaza yenyewe katikati ya fremu ya mlango kwa skrubu za jeki, haitoboi. Ila ni ghali, inaweza kumaliza hiyo elfu arobaini yote.

Mchele25
Si nilisema? Magunia.

Otonglo_Nyamasaria
Na sisi wa mabati je?