Naomba ushauri: dconf update inawafungia wanafunzi mipangilio ya pamoja

Habari zenu wakuu. Ninasimamia maabara ya kompyuta ya shule moja huku Kayole, mashine 22 za Ubuntu. Mipangilio ya pamoja ya dconf (hifadhi ya mipangilio ya eneo-kazi) tunaiandika ndani ya folda /etc/dconf/db/local.d, kisha ninaendesha dconf update, amri inayoikusanya kuwa faili moja, /etc/dconf/db/local, nikiwa ruti (mtumiaji mkuu wa mfumo).

Shida ilianza tulipokaza usalama na kuweka umask 077 kwa ruti, yaani kila faili mpya anayoiunda asiisome mtu mwingine. Tangu hapo, kila nikiendesha amri hiyo, faili /etc/dconf/db/local inatoka hivi: -rw------- (mwenyewe tu ndiye anayeweza kuisoma na kuiandika). Mwanafunzi akiingia, haruhusiwi kuisoma, basi anaangukia mipangilio ya kawaida. Kinachoniumiza zaidi ni kufuli, zile zinazozuia mwanafunzi asibadilishe mpangilio. Nazo zimo ndani ya faili hiyohiyo, kwa hivyo hazishiki kabisa, na Jumatatu nilikuta mashine tatu zimebadilishwa mipangilio tuliyokuwa tumeifunga.

Nimejaribu chmod 644 ili wote waweze kuisoma faili. Inakubali papo hapo, lakini haidumu, kwa sababu mabadiliko yakija faili huandikwa upya. Skripti yenye umask 022 (inayoruhusu wote kusoma) kabla ya amri inafanya kazi vizuri, ila mwenzangu akiiendesha amri kwa mkono tunarudi palepale.

Je, kuna njia ya kufanya ruhusa zidumu bila kulegeza umask ya ruti kwa kila kitu? Na zile faili za local.d zenyewe, ni lazima zisomwe na wote, au inatosha ruti peke yake azione? Muhula unaanza wiki ijayo, nitashukuru sana.