Nusu marathoni Dodoma, siku 21 baadaye Dar: naomba ushauri wa kushuka chini ya 1:50

Mleta uzi
Habari wakuu. Nimemaliza nusu marathoni (kilomita 21.1) Dodoma mwishoni mwa Julai kwa saa 1:52:40, ndio muda wangu bora mpaka sasa. Katikati ya Agosti nina nyingine Dar, na nataka kuingia chini ya 1:50. Kawaida nakimbia kilomita 40 hadi 45 kwa wiki, siku nne. Kwa sasa mapaja yanauma nikishuka ngazi. Nifanye mazoezi gani, nianze kwa pesi gani (dakika kwa kila kilomita), na je, nijiandikishe pia Moshi mwezi wa pili kutafuta muda mzuri zaidi? Natanguliza shukrani.

Alfajiri Sana
Hongera mkuu. Kwanza kubali kwamba siku 21 hazitoshi kujenga nguvu mpya. Faida ya zoezi gumu huchelewa siku kumi hadi wiki mbili kuonekana mwilini, kwa hiyo ukijikamua wiki ya mwisho utafika mstari wa kuanzia na uchovu wake tu. Kazi yako hapo katikati ni kupona na kutunza ulichonacho.

Siku tatu za mwanzo tembea, usikimbie. Siku ya 4 hadi ya 7 jogi dakika 30 hadi 40, mara mbili au tatu, kwa mwendo unaokuruhusu kuongea sentensi nzima bila kuhema. Wiki ya pili ndiyo yenye kazi, na kazi yenyewe ni mazoezi mawili. Katikati ya wiki piga vipande 5 vya kilomita 1 kwa dakika 5:00 kila kimoja, ukijogi dakika 2 kati yake. Mwisho wa wiki kilomita 14, ambapo 5 za mwisho unakwenda kwa 5:13 kwa kilomita, yaani pesi ya 1:50. Wiki ya tatu kilomita zote ziwe nusu ya kawaida yako. Jumatano vipande 3 vya kilomita 1 kwa 5:13, Ijumaa pumzika, Jumamosi jogi dakika 15 halafu changanya miguu mara nne, sekunde 20 kila mara.

Watu wengi huharibu hapo Jumatano. Kipande cha tatu kinakuwa chepesi, wanaongeza cha nne na cha tano. Acha kikiwa bado chepesi.

Mguu Mwepesi
Naongezea kuhusu hayo mapaja. Maumivu ya miguu yote miwili, yaliyoenea kwenye msuli mzima na yanayopungua kila siku, ni ya kawaida baada ya mbio. Ya kuogopa ni yale ya sehemu moja unayoweza kuifunika kwa ncha ya kidole, hasa kwenye mfupa wa ugoko au juu ya unyayo. Ukiruka kwa mguu mmoja mara chache na pale pale pakachoma, simamisha mazoezi, umwone daktari. Mfupa ulioanza kupata ufa ukiulazimisha, wiki chache za kupumzika zinageuka kuwa miezi.

Pima pia mapigo ya moyo kila asubuhi kabla hujatoka kitandani. Yakiwa juu ya kawaida yako kwa mapigo 7 au zaidi siku mbili mfululizo, zoezi gumu la siku hiyo liahirishe.

Upepo wa Kusi
Upande wa pesi: 1:50 kamili ni 5:13 kwa kilomita, lakini ukiifuata hiyo kwenye saa ya mkononi utakosa. Njia hupimwa kwa mstari mfupi kuliko yote unaowezekana, wewe utapinda nje kwenye kona na kuzunguka watu, kwa hiyo saa inaweza kusoma kilomita 21.3 mpaka 21.4. Ikisoma 21.35, pesi ya saa inabidi iwe 5:09. Njia salama ni kubonyeza saa mwenyewe kila ukipita kibao cha kilomita barabarani.

Gawanya hivi: kilomita 5 za kwanza kwa 26:30, 10 zinazofuata kwa 52:10, hapo uko 1:18:40. Zinabaki 6.1 na dakika 31 na sekunde 20, sawa na 5:08. Unaanza taratibu kwa sababu Dar, hata wakati wa kipupwe, ina unyevu ambao Dodoma haina. Jasho linatiririka badala ya kukauka, mwili haupoi. Ukichomoka kwa 5:00, joto utalilipia kuanzia kilomita ya 14.

Na kama njia inapita Daraja la Tanzanite, ukitoka Oysterbay kwenda Upanga unaweza kukutana na kusi uso kwa uso, pale hakuna nyumba ya kukukinga. Ingia nyuma ya kundi, usiongoze.

Alfajiri Sana
Moshi nenda mkuu, ila usiende kutafuta muda. Nusu ile inapanda kuelekea Mweka, upande wa Mlima Kilimanjaro, kisha inashuka, na mteremko haurudishi sekunde zote ulizopoteza mlimani. Jiwekee lengo la kupanda bila kutembea. Kata kucha siku tatu kabla na funga kamba vizuri juu ya kifundo, la sivyo vidole vinagonga mbele ya kiatu wakati wa kushuka na kucha zinakuwa nyeusi.

Mleta uzi
Nimewaelewa sana. Vipi kula njiani? Jeli (vile vipakiti vya sukari nzito vya kula ukikimbia) zinanisumbua tumbo.

Mguu Mwepesi
Mara nyingi tumbo linasumbuka kwa sababu jeli imemezwa bila maji, au na kinywaji cha sukari juu yake. Jeli moja ina gramu 20 hadi 25 za wanga. Chukua nusu dakika ya 40, nusu dakika ya 55, kila nusu na mafunda matatu manne ya maji matupu. Ikikataa hata hivyo, tende ndogo nne zilizotolewa kokwe zinakaribia kiasi hicho hicho, zifunge kwenye kimfuko mfukoni. Jaribu kwenye zile kilomita 14 za wiki ya pili, saa ile ile ya alfajiri utakayokimbia Dar.