Ekspoze juu ya Fiston Mwanza Mujila: dakika 20, nianzie wapi?

Mwanafunzi wa Kamalondo
Jambo ndugu zangu. Ijumaa nina ekspoze (maelezo ya mdomo) darasani, hapa Lubumbashi, juu ya Mujila, mwandishi wetu wa Kongo. Tarehe ninazo nyingi ila hazishikani. Kipi kitangulie, kipi niache?

Yaya Msomaji
Mdogo wangu, maisha yake yasizidi dakika 4. Alizaliwa hapa hapa mwaka 1981, akasoma UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Mwaka 2009 alipokelewa Graz, Austria, kama mwandishi mgeni wa mji, akabaki. Chuo kikuu cha huko anafundisha fasihi ya Afrika. Riwaya yake *Tram 83*, jina la baa ya humo kitabuni, ilitoka Paris mwaka 2014 kwa wachapishaji Métailié, ikapata zawadi ya fasihi ya Etisalat ya 2015. Hapa ndipo wengi wanateleza: husema ilishinda zawadi ya Man Booker International. Haikushinda. Mwaka 2016 iliingia katika orodha ndefu ya vitabu vilivyoteuliwa kwanza, basi. Na usimwite mwandishi wa riwaya tu, ni mtu wa mashairi na tamthilia pia. Ukiliruka hilo, hutaweza kueleza kwa nini riwaya yake inaimba.

Papa Maktaba
Yaya amesema kweli. Dakika 10 zitie kwenye maandishi yenyewe. Chagua ukurasa mmoja wenye orodha ndefu ya wateja wa baa: wachimbaji, wanafunzi, watalii. Tia alama ya penseli kila unapovuta pumzi, kisha usome kwa sauti mara 3 nyumbani. Ukisoma mbio kama habari za redio, orodha inakuwa kelele. Mwandishi anafuata jazi, kwa hiyo neno linalorudi lipige mahali pake, kama ngoma. Halafu onyesha jinsi wanawake wa baa wanavyokata mazungumzo ya Lucien na Requiem, wahusika wakuu wawili, kwa swali lile lile la kuuliza saa. Mpe mwenzako alisome swali hilo toka nyuma ya darasa, kila mara ghafla. Watasikia mara moja kazi yake: hakuna anayeachwa amalize wazo.

Mwanafunzi wa Kamalondo
Asante wakubwa. Niseme ule mji wa kitabuni ni Lubumbashi?

Yaya Msomaji
Usiseme hivyo. Pale ni Mji-Nchi, hauna jina lingine. Sema unafanana na miji ya migodi, uonyeshe ile gari ya moshi na stesheni yenye vyuma visivyokamilika. Ukitaka Lubumbashi kwa jina lake, chukua *La Danse du vilain*, ya 2020.

Papa Maktaba
Na fotokopi ya ukurasa huo, herufi kubwa, moja kwa watu wawili.