Mashujaa wa bahari au wauza watu? Tuwajadili Waviking pamoja na shehena yao

Mwanzisha mada, Mji Mkongwe

Wanajamvi, asalaam aleykum.

Kazi yangu ni kutembeza wageni hapa Mji Mkongwe, na kituo kizito kuliko vyote ni Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa mpaka lilipofungwa mwaka 1873. Uwanjani pana shimo, na ndani yake zimesimama sanamu za watu watano wenye mnyororo shingoni, kazi ya mchongaji wa Uswidi, Clara Sörnäs. Mwezi uliopita mgeni wangu mmoja alisimama pale mpaka machozi yakamtoka. Nayaheshimu machozi yake. Lakini fulana yake ilikuwa na picha ya merikebu ya Waviking, wale mabaharia wa kaskazini mwa Ulaya wa miaka elfu moja na zaidi iliyopita, na tulipoketi kunywa madafu akaniambia kwa fahari kwamba ukoo wake unatokana nao. Nikamuuliza anajua nini kuhusu soko la watumwa la Dublin. Hakuwahi kulisikia.

Hoja yangu ni hii: Waviking walikuwa wauza watu, na biashara hiyo haikuwa jambo la pembeni. Kwa nini basi dunia inawakumbuka kwa ujasiri, ndevu na merikebu, na waliobebwa ndani ya merikebu hizo hawatajwi?

Ushahidi upo, tena wa wazi. Kumbukumbu za mwaka kwa mwaka zilizoandikwa na watawa wa Ireland zinasema mwaka 821 walivamia Howth, jirani na ilipo Dublin leo, wakaondoka na wanawake wengi mateka. Mwaka 841 wakajenga kambi yao Dublin penyewe. Mwaka 870 wakuu wao wawili, Olaf na Ivar, waliizingira ngome ya Dumbarton huko Uskoti kwa miezi 4, na mwaka uliofuata wakarejea Dublin na merikebu 200 na mateka chungu nzima: Waingereza, pamoja na Wabritoni na Wapikti, wenyeji wa kale wa huko. Ireland wamefukua hata pete za chuma za kufungia shingo na minyororo yake. Aliyewahi kusimama Mkunazini akiona picha zake hahitaji kuelezwa ni za nini.

Wengine waliuzwa kukohuko kaskazini. Wengine walipelekwa mashariki kwa mito ya nchi ambazo leo ni Urusi na Ukraine, mpaka kwenye masoko ya Waislamu, na malipo yalirudi kwa dirham, sarafu za fedha za huko. Mwaka 1999 kisiwani Gotland, Uswidi, mahali paitwapo Spillings, palifukuliwa kilo 67 za fedha, zikiwemo sarafu zaidi ya 14,000, karibu zote za nchi za Kiislamu. Manyoya ya wanyama yalinunua sehemu ya fedha ya namna hiyo. Watu walinunua sehemu nyingine. Ahmad ibn Fadlan, aliyetumwa na khalifa wa Baghdad, aliwakuta mwaka 922 kwenye mto Volga wakiwa na wasichana wa kuuza, na akaandika jinsi mkuu wao mmoja alivyozikwa: kijakazi aliuawa, kisha akachomwa pamoja na bwana wake ndani ya merikebu.

Sasa tazameni upande wetu. Mwaka 869 Wazanji, watumwa weusi waliotumikishwa kwenye ardhi ya chumvi karibu na Basra, Iraki, waliasi, na mwaka 871 wakaiteka Basra. Ni mwaka uleule wa zile merikebu 200 za Dublin. Dola moja ya Abbasiya, ile ya makhalifa wa Iraki, ilikuwa inavuta watumwa kutoka kaskazini na kutoka kusini kwa wakati mmoja. Historia ya huku inaitwa kwa jina lake, nasi tumekubali kuitazama. Ya kule inachapwa kwenye fulana. Nataka mizani iwe moja.

Nawasilisha.

Mwalimu wa Historia, Songea

Mkuu, mada nzuri, ila nina mambo matatu.

Kwanza, tuulize nani aliyeandika. Walioandika ni watawa, na monasteri zao ndizo zilizoporwa, kuanzia ile ya Lindisfarne, Uingereza, mwaka 793. Mtu aliyechomewa nyumba hawezi kumweleza mchomaji kwa utulivu. Mwaka 782, miaka 11 tu kabla ya Lindisfarne, Karolo Mkuu, mfalme Mkristo wa Wafranki, alichinja Wasaksoni 4,500 kwa siku moja huko Verden, Ujerumani ya leo, na hesabu hiyo imo katika maandishi ya upande wake mwenyewe. Yeye anaitwa baba wa Ulaya. Mwaka 1002 mfalme Æthelred wa Uingereza aliamuru Wadenmark walio nchini mwake wauawe. Mwaka 2008 Oxford palifukuliwa kaburi la wanaume zaidi ya 30, wengi vijana, na wapo wataalamu wanaolihusisha na amri hiyo. Na utumwa? Sensa ya ardhi ya Uingereza ya mwaka 1086 inaonyesha kwamba karibu mtu mmoja katika kila kumi walioandikwa alikuwa mtumwa, na mabwana zao hawakuwa Waviking.

Pili, kuhusu Wazanji nenda taratibu. Wataalamu hawajakubaliana ni wangapi kati ya waasi wale walitoka pwani yetu, na ni wangapi walitoka Ethiopia, Sudan au walizaliwa hukohuko Iraki. Usijenge nyumba nzima juu ya neno hilo moja.

Tatu, na hili ndilo kubwa. "Viking" halikuwa kabila. Lilikuwa jina la kazi. Mtu "alikwenda viking" msimu mmoja, kisha akarudi kulima shayiri na kuvua samaki. Watu wengi wa Norwei, Denmark na Uswidi wa zama zile hawakuwahi kukanyaga merikebu ya vita. Ukisema "Waviking walikuwa wauza watu" na msikilizaji akaelewa "watu wa kaskazini walikuwa wauza watu", umefanya kilekile wanachotufanyia wanaosema "Waswahili walikuwa wauza watu". Nimefundisha miaka mingi na sentensi hiyo nimeipinga darasani kila mwaka.

Mwanzisha mada

Mwalimu, hilo la tatu limeniingia. Sentensi hiyo nami nimeambiwa usoni, tena na wageni, na najua inavyouma. Natengua kauli: baadhi ya watu wa kaskazini walifanya biashara ya watu, na jamii zao zikafaidi.

Lakini la kwanza silipokei lote. Watawa wangeweza kuongeza chumvi kwenye idadi ya waliochinjwa. Sarafu za Gotland hawakuziandika watawa. Ibn Fadlan hakuwa mtawa wala hakuporwa na mtu. Na kama Karolo alichinja, basi naye atajwe. Dhambi ya mmoja haimtakasi mwenzake.

Muuguzi, Göteborg

Kaka yangu wa Unguja, nimeishi huku miaka 14 na watoto wangu wamesoma shule za hapa. Nikusahihishe kidogo: Waswidi wenyewe hawafichi. Mtumwa wa zamani ana jina lake, *träl*, na mwanangu alilijua akiwa mdogo. Anajua pia kwamba mwaka 1335 mfalme Magnus Eriksson alitoa amri Skara, kwamba katika baadhi ya majimbo mtoto wa wazazi Wakristo asiwe mtumwa tena. Wanaoficha ni wenye kuuza fulana, michezo ya kompyuta na bia.

Hata hizo kofia zenye pembe ni za jukwaani. Zilienezwa na mavazi yaliyobuniwa na Carl Emil Doepler kwa ajili ya opera, yaani mchezo wa kuimba, ya mtunzi Mjerumani Wagner, mjini Bayreuth, mwaka 1876. Kofia ya chuma ya kweli ya zama zile iliyohifadhika vizuri ni ile ya Gjermundbu, Norwei, iliyopatikana mwaka 1943, na haina pembe hata moja.

Linaloniumiza mimi ni jingine. Huku wapo watu wa siasa za chuki wanaobeba alama za kale, rune (herufi ya kale) ya mungu Tyr na nyundo ya Thor, kutuambia sisi weusi turudi kwetu. Hawakuanza wao. Jeshi la SS la Hitler lilikuwa na divisheni iliyoitwa Wiking, ikiandikisha vijana wa Norwei na Denmark. Nikisimama kituo cha basi usiku baada ya zamu, nikaona alama hiyo kwenye koti la mtu, siwazi mambo ya mwaka 871. Nawaza nitafikaje nyumbani.

Kwa hiyo mimi nasema usimalizie kwenye utumwa tu. Ongeza hili: mwaka 2020 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vya mifupa 442 ya zama zile. Wengi walikuwa na nywele nyeusi kuliko tulivyozoea kuchorewa, wengine walikuwa na asili ya kusini mwa Ulaya, na huko visiwa vya Orkney walikutwa watu waliozikwa na panga za Kiviking ilhali vinasaba vyao ni vya wenyeji wa Uskoti. Hiyo "damu safi" wanayotupigia kelele haikuwepo hata makaburini mwa hao wanaowaabudu.

Fundi wa majahazi, Lamu

Wakubwa mmesema. Mimi nina ombi moja tu, msiitupe merikebu pamoja na shehena.

Wale mafundi waliunda kama wazee wetu walivyounda: unalaza mkuku, unapandisha mbao za ubavuni kwanza, kisha ndipo unatia mataruma. Tofauti ni kwamba wao walipandisha ubao juu ya ubao na kuufunga kwa misumari ya chuma, na mtepe wetu ulishonwa kwa kamba za nazi. Chombo cha namna hiyo ni chepesi na kinajipinda na mawimbi. Mwaka 1962 Roskilde, Denmark, waliopoa mabaki ya merikebu tano zilizozamishwa makusudi kuziba njia ya maji. Kubwa kuliko zote, urefu wake mita 30 hivi, iliundwa kwa mwaloni wa Dublin yapata mwaka 1042. Wakaunda nyingine mfano wake, na mwaka 2007 ikasafiri kwa tanga na makasia kutoka Roskilde mpaka Dublin. Fundi akisikia hivyo moyo unamdunda. Siwezi kusema uongo.

Binti Pwani

Shikamoo fundi. Na hilo tanga lilisokotwa na nani?

Naliuliza kwa dhati. Matanga yao yalikuwa ya sufu. Kondoo wengi mno walikatwa sufu kwa ajili ya tanga moja, na kusokota na kufuma kulichukua muda mrefu kuliko kuchonga mbao. Hiyo ilikuwa kazi ya wanawake, na kati yao walikuwemo vijakazi. Kwa hiyo merikebu na shehena havitengani kirahisi hivyo.

Nina jambo na hawa wanaoshangilia "mwanamke shujaa" pia. Huko Birka, Uswidi, kuna kaburi lililofukuliwa mwaka 1878, lenye silaha na farasi wawili. Miaka yote walidhani ni la mwanamume, mpaka vinasaba vilipoonyesha mwaka 2017 kwamba ni la mwanamke. Dunia nzima ilishangilia, nami nilifurahi. Lakini tazameni Iceland. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba nasaba za kiume za Waiceland, karibu robo tatu, zinatoka Skandinavia. Nasaba za kike, kama sita katika kumi, zinatoka Ireland na Uskoti. Wapo walioolewa kwa hiari na wapo waliokwenda na waume zao. Ila wapo waliobebwa, na hao ndio hawachorwi na mtu.

Mmoja tu ndiye ninayemjua kwa jina, kutoka hadithi za kale za Waiceland wenyewe. Tajiri Höskuld alimnunua sokoni kwa marki 3 za fedha. Muuzaji alimwambia ana kasoro, ni bubu. Akazaa mtoto wa kiume. Siku moja Höskuld alisikia sauti karibu na kijito, akamkuta yule "bubu" anazungumza na mwanawe. Anaitwa Melkorka, binti wa mfalme wa Ireland, naye alichagua kutosema neno lolote na watu waliomnunua. Sina hakika kama aliishi kweli. Nina hakika waliosimulia kisa hicho walijua sana bibi zao walitoka wapi.

Msomaji wa Kigoma

Je, walifika Afrika?

Mwalimu wa Historia, Songea

Walifika. Mwaka 844 walivamia Seville, Hispania ikiwa chini ya Waislamu. Yapata mwaka 859 wakavuka hadi Nakur, kaskazini mwa Moroko, wakaupora mji na kuchukua mateka, wakiwemo wanawake wa nyumba ya mtawala, ambao amiri wa Cordoba alikuja kuwakomboa kwa fedha. Maandishi ya Ireland yanataja mateka wa Kiafrika walioletwa huko, yakiwaita "watu wa buluu", kama watu wa kaskazini walivyowaita weusi.

Mwanzisha mada, sasa nikuulize na wewe, maana umetaka mizani moja. Ukiwasimulia wageni Mkunazini, na majina ya wa kwetu unayataja? Au unaishia kwa Waarabu na Wazungu?

Mwanzisha mada

Nayataja, Mwalimu. Tippu Tip alizaliwa hapa Unguja na Kiswahili kilikuwa lugha yake. Nyumba yake ipo Shangani mpaka leo, nawapeleka mlangoni, nawaeleza alichokifanya Kongo. Siku moja mzee wa mtaa alinisuta mbele ya wageni kwamba naanika nguo za ndani za nyumba yetu. Nilimwamkia, nikamsikiliza mpaka akamaliza. Kesho yake niliwapeleka tena.

Na dada wa Göteborg, nikipata kundi jingine kutoka huko nitawasimulia pia kisa cha Melkorka, palepale penye shimo.