Juzuu "kamili" iliyokatwa kwa wembe: wauzaji wa majarida ya kale ya Kiprotestanti wanatufanya wajinga

Ndugu wanajamvi, salaam.

Nimesubiri siku kumi na moja kabla ya kufungua uzi huu, kwa kuwa sikutaka kuandika nikiwa natetemeka. Hasira haijapungua, ila mikono imetulia.

Mwezi Machi nilinunua kwa muuzaji mmoja wa vitabu vya kale aliyeko Uingereza juzuu nne za mwanzo za The Bulwark, lile jarida la kila mwezi la kulipinga Kanisa Katoliki, lililoanza kutoka Edinburgh Julai 1851 kwa niaba ya Scottish Reformation Society, likihaririwa na mchungaji James Begg. Tangazo lake lilisema kwamba juzuu zote ni kamili, zimejalidiwa kwa mgongo wa ngozi, na hazina kasoro isipokuwa kuchakaa kidogo kwenye pembe. Nililipa pauni 180, nikaongeza pauni 46 za kuzisafirisha hadi Dar es Salaam, nikasubiri wiki saba, nikaenda posta mara tatu, nikalipa na ushuru ambao mpaka leo sijaelewa ulikokotolewa vipi, hatimaye nikaziweka mezani na kufungua ile ya kwanza.

Kidole kilijua kabla ya jicho. Pale katikati, karatasi zinaposhonwa, nilipapasa kitu kama ukingo wa pili, nikaipanua juzuu taratibu, nikaona vitako vya karatasi vyembamba kuliko ukucha, vimenyooka kama vimepigiwa rula. Karatasi iliyochanika kwa uzee huacha ukingo wenye meno. Hizi zilikatwa kwa wembe, na aliyekata alikuwa na uzoefu. Kwenye ukurasa unaotazamana na kitako cha kwanza kulikuwa na kivuli cha rangi ya chai, wino wa mchoro uliolala pale miaka mia moja na sabini ukaacha alama yake kwa nyuma-mbele: tao la mlango, mtu aliyepiga magoti, na kitu kirefu mkononi mwa aliyesimama. Mchoro wenyewe haupo. Nikahesabu. Juzuu ya kwanza imekatwa karatasi saba, ya pili nne. Ya tatu ni nzima, Mungu ashukuriwe. Ya nne nitaieleza baadaye, maana kisa chake ni kingine kabisa.

Nikamwandikia baruapepe yenye picha tisa. Akajibu kwa mistari miwili kwamba bidhaa iliuzwa kama ilivyo, na kwamba kwa neno "kamili" alikusudia maandishi, ambayo yamo yote. Ndugu zangu, hata huo ni uongo, kwa sababu karatasi ina pande mbili, na nyuma ya mchoro kuna maandishi. Katika juzuu ya kwanza kuna makala inayokatika katikati ya sentensi, kisha inazuka kurasa mbili mbele kama mtu aliyezirai akazinduka akiwa anazungumzia jambo jingine.

Kilichonitoa machozi, na sioni haya kukisema, nilikigundua wiki iliyofuata. Nilirudi kwenye ukurasa wake wa mauzo nikitafuta sera ya kurudisha bidhaa, na chini kabisa nikakuta orodha ya michoro ya kale "inayofaa kwa fremu", pauni 25 kila mmoja, mwaka 1851. Mmoja una tao la mlango na mtu aliyepiga magoti. Una pia doa la maji kwenye pembe ya chini, lenye umbo linalofanana na kisiwa cha Pemba, na doa hilohilo, kwa umbo hilohilo, linaendelea kwenye karatasi zilizobaki ndani ya juzuu yangu. Piga hesabu mwenyewe: karatasi kumi na moja kwa pauni 25 ni pauni 275. Amemchuna ng'ombe, akauza minofu, kisha mifupa akaniuzia kwa bei ya ng'ombe mzima.

Najua wapo watakaoniuliza kwa nini mtu mwenye akili timamu ajitie hasara kwa majarida ya watu waliokuwa wakitukanana juu ya Papa. Mama yangu mzazi, Mkatoliki asiyekosa rozari hata jioni moja ya mwezi Oktoba, aliniuliza swali hilo kwa maneno machache kuliko ninyi: "Mwanangu, unalipia matusi yetu kwa pauni?" Baba alikuwa Mlutheri, akanyamaza, kama ilivyokuwa desturi yake mada hiyo ilipozuka nyumbani.

Mimi sikusanyi matusi. Nilianza na kisa cha Buganda. Nilikuwa nikisoma jinsi Alexander Mackay, fundi wa CMS, shirika la wamisionari wa Kianglikana, alivyobishana na padri Lourdel wa Mapadri Weupe, wamisionari wa Kikatoliki kutoka Ufaransa, mwaka 1879 mbele ya Kabaka Mutesa, katika baraza ambalo Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zake, na jinsi ubishi ule ulivyokua hadi Januari 1892 wafuasi wa pande mbili, Wangereza na Wafaransa kama walivyoitwa pale, wakapigana kwa bunduki Mengo, makao ya Kabaka. Nikajiuliza Mackay aliyabeba wapi yale aliyoyaamini kuhusu Roma. Alizaliwa Rhynie, Uskoti, mwaka 1849, mtoto wa mchungaji wa Free Church, kanisa lilelile la Begg. Alikuwa hajatimiza miaka miwili The Bulwark ilipoanza kutoka. Sidai kwamba alilelewa juu yake. Nasema hiyo ndiyo hewa iliyokuwapo, na hewa hiyo huwezi kuivuta kwa kusoma muhtasari wa mwanahistoria. Lazima ushike toleo lenyewe.

Na juzuu ya kwanza ndiyo yenye moto zaidi. Tarehe 29 Septemba 1850 Papa Pius IX alirejesha utaratibu wa maaskofu wa Kikatoliki wenye majimbo nchini Uingereza, ambao haukuwapo tangu karne ya 16, na Nicholas Wiseman akawa Kardinali na Askofu Mkuu wa Westminster. Waziri Mkuu John Russell akamwandikia Askofu wa Durham barua ya ghadhabu iliyochapishwa magazetini, mikutano ya hadhara ikafuatana, na mwaka 1851 Bunge likapitisha sheria ya kuwazuia maaskofu hao kutumia majina ya majimbo yao, sheria ambayo ilikuja kufutwa 1871. The Bulwark ilizaliwa katikati ya kelele hizo. Michoro yake ilikusudiwa imfikie hata asiyesoma vizuri, na kuiondoa ni sawa na kuondoa nusu ya hoja, tena nusu iliyofanya kazi kubwa zaidi. Mtu anayeitundika sebuleni mwake hajui anatundika nini. Aliyeikata anajua, ndiyo maana sina huruma naye.

Hapo bado sijagusa majalada ya matoleo. Kila mkusanyaji wa majarida ya wakati huo anajua kwamba wajalidi walizoea kubandua jalada la karatasi la kila mwezi, pamoja na kurasa za matangazo, kabla ya kushona matoleo ya mwaka mzima kuwa juzuu moja. Hasara hiyo ni ya zamani na simlaumu muuzaji wa leo kwa kosa la mjalidi aliyekufa. Namlaumu kwa kuandika "kamili kama lilivyotoka" juu ya juzuu isiyo na jalada hata moja la mwezi. Bei, jina la mpiga chapa, vitabu vilivyotangazwa, yote yalikuwa kwenye karatasi zile. Wala usiniambie nikatazame nakala zilizopigwa skani mtandaoni, kwa sababu nyingi zilipigwa kutoka juzuu zilizokwisha kujalidiwa, kwa hiyo pengo ni lilelile.

Nirudi kwenye juzuu ya nne niliyoahidi. Mgongo ni wa ngozi, kweli, na hata harufu ina uzee. Lakini karatasi ni nyeupe kama ya daftari la shule, maandishi yana ukungu wa kijivu kama fotokopi, na kwenye ukurasa mmoja, pembeni chini, kuna kidole cha mtu. Siyo alama ya kidole. Ni kidole chenyewe, kimevaa kifuko cha mpira, kimenaswa na skani pamoja na ukurasa. Hiyo ni chapa ya kuagiza, aina inayotolewa na mashine siku mteja anapolipa, na mtu fulani ameitoa kwenye jalada lake la plastiki akaivalisha ngozi kuukuu iliyobanduliwa kwenye kitabu kingine. Huyo hawezi kusema hakujua. Kumvalisha mtu joho la marehemu na kumpitisha kwenye mlango wa benki hakutokei kwa bahati mbaya.

Ningekuwa nimekutana na haya mara moja ningesema ni shetani wa siku hiyo. Mwaka juzi nilinunua kwa mtu mwingine kile alichokiita matoleo asilia ya The Protestant, mfululizo wa kila wiki ambao William McGavin, mfanyabiashara wa Glasgow, aliutoa kuanzia 1818 hadi 1822, na ambao ulimfikisha mahakamani akashtakiwa kashfa na padri Andrew Scott wa mji huohuo, akashindwa. Kilichonifikia ni juzuu mbili zilizochapishwa Hartford, Connecticut, katika miaka ya 1830. Ni vitabu halali, tena vina thamani yake kwa anayetaka kujua jinsi Wamarekani walivyoagiza ugomvi kutoka Glasgow, lakini matoleo ya wiki siyo. Nilipolalamika, muuzaji yule akanieleza kwa upole wa mwalimu wa chekechea kwamba The Protestant lilikuwa jarida la New York. Lilikuwapo la New York pia, ndugu, la George Bourne, lililoanza 1830! Ni jarida jingine lenye jina hilohilo. Mtu anauza bidhaa ambayo hata haijui kwa jina la baba yake.

Wauzaji wa The Menace nao nisiwasahau. Gazeti hilo la kuwapinga Wakatoliki, la Aurora, Missouri, huko Marekani, lililoanza 1911, lilifikia kuchapa nakala zaidi ya milioni moja kwa wiki, na bado leo kupata toleo zima ni kazi, kwa sababu lilichapwa kwenye karatasi duni ya magazeti, iliyotengenezwa kwa mti uliosagwa, inayojila yenyewe kwa asidi. Jarida la 1851 lilichapwa kwenye karatasi iliyotokana na matambara na bado linapinda bila kuvunjika. Gazeti la 1913 linabomoka kama kaimati ya juzi. Kila muuzaji anajua hilo, au anapaswa kujua. Mimi nililetewa toleo moja limekunjwa mara nne ndani ya bahasha ya kawaida, bila hata kipande cha boksi. Nilipofungua, nilimwaga vipande mezani. Mke wangu akaniuliza kama nimeagiza tumbaku.

Sasa nataka nini? Kwanza, fedha zangu zote pamoja na nauli ya kurudisha mzigo. Muuzaji amenipa ofa ya asilimia kumi na nimeikataa. Nimewasilisha madai kwa kampuni ya kadi, nikiambatanisha picha ya doa la pembeni upande wa juzuu na upande wa mchoro, zikiwa zimewekwa bega kwa bega. Pili, nawasihi mnaonunua aina hii ya vitu msikubali neno "kamili" bila kudai mambo mawili: hesabu ya karatasi, siyo ya kurasa zilizoandikwa namba tu, na picha ya mshono wa katikati juzuu ikiwa imefunguliwa wima. Aliyekata hataki kupiga picha hiyo. Atakwambia betri imeisha, atakwambia mgongo ni dhaifu. Ukisikia hivyo, ondoka. Na kwa The Bulwark hasa, kumbukeni kwamba mwaka wake unaanza Julai na kuishia Juni. Anayekuuzia "mwaka 1852 wote" katika juzuu moja ama hajaifungua ama anakudanganya.

Jambo la mwisho ni ombi. Kama kuna mwanajamvi mwenye juzuu ya kwanza ambayo haijaguswa, au aliye karibu na maktaba inayoihifadhi, iwe Edinburgh au kwingineko, naomba anipigie picha za karatasi saba ambazo namba za kurasa zake nitazibandika kwenye ujumbe unaofuata. Sihitaji zing'ae. Nataka nijue yule aliyesimama kwenye tao la mlango alikuwa ameshika nini.