Mrejesho: ile rodi ya kuvulia ya laki 4, sikuinunua

Wakuu nimerudi. Niliuliza kama kuna haja ya kununua rodi ya kaboni ya 400,000 kwa mtu kama mimi ninayevua wikiendi tu kwenye miamba huku Kigamboni, wengi mkasema chukua ya faiba, hela ipeleke kwenye rili (kile kigurudumu cha kukunjia uzi) na mshipi (uzi wenyewe wa kuvulia). Nimefanya hivyo, rodi 70,000, rili 180,000 na mshipi wa kusuka.

Aisee asanteni sana, rili ndo imeniokoa, juzi samaki kolekole kanasa akavuta mshipi balaa lakini breki ikamhimili mpaka akachoka nikamtoa. Rodi nayo imeshagonga miamba mara kibao na bado nzima.

Ila mshipi wa kusuka ulikatika mara mbili kwenye mwamba, chubwi (kile kizito cha kuzamisha) na ndoana zikaenda, hadi nilipofunga nailoni nene mbele. Na yule aliyesema suuza rili kwa maji yasiyo na chumvi kila ukirudi, nilizembea wiki mbili tu ikaanza kukwaruza, nimetia grisi lakini haijarudi kama mwanzo.

Kitu kingine, nilishika rodi ya kaboni ya jamaa, samaki changu akidonoa kidogo tu unasikia mkononi, yangu haina hiyo.