Tupeane uzoefu: muvi za mapenzi na taharuki za kwenye TV, muuaji umeshamjua, unabaki kusubiri nini?

Mlinda Rimoti
Wakuu, habari za muda huu. Nazungumzia zile muvi zinazotengenezwa kwa ajili ya TV tu, sinema hazipiti. Stelingi ni mwanamke aliyetoka kuachika au kufiwa, anahamia mji mdogo, anakutana na mwanaume mpole anayejua kusikiliza, halafu taratibu mambo yanaanza kunuka. Huko Marekani kituo cha TV cha ABC waliweka utaratibu wa muvi mpya ya TV kila wiki mwaka 1969, na chaneli ya Lifetime, iliyoanza 1984, ikaja kujulikana kwa hizi za wapenzi wenye siri.

Zinabezwa sana, ila ukiwasikiliza vizuri wanaozibeza utagundua wamezimaliza zote.

Niliyoiona majuzi, mchumba anajitolea kubadilisha vitasa vya nyumba nzima. Anamkabidhi stelingi funguo zake, kamera inashuka mkononi mwa mchumba: kumebaki ufunguo mmoja. Anausokomeza mfukoni huku anauliza kama kuna taka za kutoa. Toka hapo kila akiaga, mimi natazama mlango, yeye simtazami tena. Wangeuficha ule ufunguo mpaka dakika za mwisho nisingeogopa hata kidogo. Nyie je?

Bi Shughuli
Mimi napenda nifichwe. Nikishamjua muuaji nabaki kumfokea dada wa watu: "Wewe, usishuke huko chini!" Na anashuka. Taa haiwaki, anashuka. Simu haina chaji, anashuka.

Kuna moja niliikubali. Nilimshuku jirani mwanzo mwisho, mkimya kupita kiasi, anapogoa maua usiku. Kumbe ni rafiki kipenzi wa stelingi, yule wa kumfuta machozi na kumwambia "mpe nafasi jamaa". Nikairudia na kweli, alama zilikuwepo: kila ujumbe wa mchumba ulipopotea, simu ilikuwa imepita mikononi mwa rafiki.

Fundi Taa
Nimewahi kufanya kazi za upigaji picha, acha nichangie. Hizi zinaandikwa kwa kufuata matangazo. Kwa kawaida ratiba inatenga muda wa saa mbili, muvi yenyewe haizidi dakika 90 hivi, na kabla ya kila tangazo lazima kitokee kitu cha kukushika, la sivyo utahama chaneli. Ndiyo maana ukiiangalia bila matangazo unaona vishindo vingi vya uongo: mlango unagongwa, muziki unapanda, kumbe paka. Bajeti nayo ndogo, waigizaji wachache, kwa hiyo hata wa kuwashuku ni wachache. Na mji unaoambiwa uko Marekani mara nyingi umepigwa picha Canada, hasa Vancouver.

Ila ufinyu si kisingizio. Muvi ya Duel ya mwongozaji Steven Spielberg ilirushwa na ABC mwaka 1971, dakika 74 hivi: mtu, gari lake, na lori ambalo dereva wake hatumwoni sura. Baadaye ikaongezewa vipande ili ipelekwe kwenye sinema za nje ya Marekani. Haina mapenzi, najua, msinirukie.

Popo wa Kochi
Hahaha, paka! Mimi polisi ndio wananimaliza. Mji mzima askari mmoja, na anakwenda kukagua peke yake usiku. Akisema tu "nitapita kuangalia", huyo hesabu maiti.

Pembeni Kidogo
Mimi zilinisaidia, msicheke. Nilikuwa na mtu aliyedai ananipenda kuliko wote. Akaanza kuwapunguza rafiki zangu mmoja mmoja, kila mmoja ana kasoro yake. Siku moja TV iko wazi, jamaa wa kwenye muvi anamwambia mwenzake: "Huyo rafiki yako hakutakii mema, mimi ndiye ninayekujua." Maneno yale yale, na sauti ile ile ya upole. Mtu wangu alikuwa kakaa pembeni yangu. Akachukua rimoti, akahamisha. Sikusema kitu, wala yeye hakusema. Ila tangu siku hiyo nilianza kupanga namna ya kuondoka, na niliondoka.

Kwa hiyo siwezi kuzidharau. Hata The Burning Bed ya kituo cha NBC, mwaka 1984, Farrah Fawcett akiigiza kisa cha kweli cha mke aliyepigwa na mumewe kwa miaka, ilikuwa muvi ya TV. Kinachonikera ni pale zinapomgeuza mwanaume wa namna hii kuwa kichaa mwenye akili za ajabu, halafu mwisho anadondoka ghorofani na mambo yameisha. Wa kweli hadondoki. Anapiga simu, anatuma wazee, anaomba msamaha mbele za watu.

Mlinda Rimoti
Pole sana dada, na hongera kwa kutoka. Hilo la mwisho ni kweli tupu. Na wakishamdondosha utasikia "mwaka mmoja baadaye", stelingi yuko ufukweni na mchumba mpya, kidonda cha usoni hata alama hakuna. Pale mimi huwa nazima.

Popo wa Kochi
Bi Shughuli, ile ya jirani wa maua inaitwaje? Nataka niitafute leo.

Bi Shughuli
Jina la nini tena, mwanangu, na muuaji nimeshakutajia?